Ziwa Lililohamia Upande wa Kabalo

Mwamini, ambaye sasa anakalia kiti changu pale biro, yaani ofisi, ya kumbukumbu, ndiye aliyeniomba niwaandikie ninyi mlioingia kazini juzi. Halafu akaongeza: "Papa Kitenge, ukitaja cheo au mshahara, ukurasa huo nitaukata." Alinifanyia wema. Vyeo vyangu vyote vingeenea katika mistari miwili, lakini makosa yangu yangejaza kabati. Nitawapa machache, na moja nitalieleza lote, kwa sababu lilimpata mtu aliyekwisha kufa, ambaye hakuweza kuja kubisha mlangoni na kujitetea.

Sikuanza na makaratasi. Nilipoajiriwa, ofisi yetu ya bandarini ilikuwa bado na mpiga picha wake, na mimi niliwekwa kwenye chumba cha giza nimsaidie Papa Mulongo, mfupi, mpole, mwenye taulo begani asubuhi hadi jioni. Siku ya kwanza hakunigusisha kitu. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanionyesha kipande cha filamu.

"Tazama vizuri. Upande huu unang'aa. Upande huu umefifia. Uliofifia utazame chini, kwenye karatasi. Ukigeuza, muntu wa mukono wa kuume anakuwa wa kushoto, na mama yake mwenyewe atamupita njiani."

"Na nikigeuza, nani atajua?"

"Weye," akasema. Akageuza picha iliyokauka na kunionyesha alama ndogo ya penseli nyuma, paa la nyumba. Kila aliyesafisha picha pale alikuwa na alama yake. "Hii si ya kujisifu. Ni ili siku ya kosa tusitafutane."

Nikachagua samaki. Nilimchora na magamba na jicho, na Papa Mulongo akauliza kama picha ni ile ya mbele au hii ya nyuma.

Siku ya pili nilifungua mlango nikiwa nimeacha karatasi mezani, zikaungua zote kwa mwanga. Moja, nyeusi kabisa, Papa Mulongo aliitundika juu ya beseni, akawa anawaonyesha wageni: "Hii ni kazi ya Kitenge. Kalemie, umeme ukiwa umekatika." Ilikaa pale mwezi mzima. Nilicheka pamoja nao, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuishi na picha kama hiyo.

Mwisho wa wiki hiyo ya kwanza alikwenda Nyunzu kwenye msiba, akaniachia fungu la filamu za klabu ya wafanyakazi: ngoma, mpira, watu wakicheza sataranji kwenye baraza. Nilizisafisha zote peke yangu, nikiimba, nikachora samaki nyuma ya kila picha. Aliporudi zilikuwa zimekwisha kugawiwa kwa wenyewe. Iwekeni akilini wiki hiyo. Mimi niliisahau kwa karibu maisha yangu yote ya kazi.

Chumba cha giza kilipofungwa, nilihamishiwa kwenye kumbukumbu, mahali mnapopajua: mlango unaosuguana na sakafu, unyevu wa ziwa kwenye kuta, mende wanaosoma kuliko sisi. Huko nilijifunza mambo ninayowakumbusha hata sasa. Mafungu yafungwe kwa utepe wa pamba, si mpira, kwa sababu mpira unayeyuka na kushikamana na karatasi. Alama ziwekwe kwa penseli tu. Lupe, kile kioo cha kukuzia, iwe mfukoni, isiwe kwenye droo. Na ya kwanza kuliko zote: geuza. Kabla hujasoma mbele, soma nyuma. Mmenisikia nikisema hivyo hadi mkawa mnaniiga nikipita. Najua. Nilikuwa nasikia.

Kuna mzee alikuja kutoka Zongwe akitafuta uthibitisho kwamba baba yake alifanya kazi kwetu. Nilitafuta wiki tatu kwenye orodha za mishahara, nikamwambia kwa huruma kubwa kwamba hakuna. Akarudi kwao. Mwezi uliofuata nikamkuta baba huyo kwenye daftari la wagonjwa, kwa jina la utani, jino limeng'olewa. Nilimtumia nakala kwa mashua, na siku hiyo nikaandika kwa herufi kubwa na kubandika ukutani: KUTOIONA KARATASI SI SAWA NA KUONA KWAMBA JAMBO HALIKUWEPO. Bado ipo. Ukuta haujavunja sheria hiyo hata mara moja. Aliyeivunja ni mwandishi wake.

Ilikuwa hivi. Gazeti letu la ndani, lile la kurasa nane, lilinipa ukurasa wangu. Kila mwezi nilichukua kosa moja katika yale watu wanayoandika juu ya historia ya mji wetu, nikalisahihisha. Ni kazi nzuri na inahitajika. Kosa likichapishwa mara tatu linaanza kuitwa historia. Tatizo ni kwamba wasomaji hawakuniandikia kunishukuru kwa usahihi. Waliniandikia kusema, "Papa, yule umemupiga!" Nami nikaanza kuwapa walichokipenda. Ukilinganisha kurasa zangu za mwanzo na za mwisho, utaona neno "amekosea" linapungua, na "eti" zinaongezeka.

Ndipo kikatoka kijitabu cha Papa Ramazani. Ninyi wengi mnamfahamu: mwalimu mstaafu, mtu wa msikitini, mjukuu wa wafanyabiashara waliovuka ziwa, mwenye kanzu iliyopigwa pasi kama barua mpya. Alikusanya kwa miaka mingi historia ya sataranji hapa Kalemie, mchezo ambao wengi wetu tunauita eshek kwa Kifaransa. Katikati ya kijitabu kulikuwa na picha moja: baraza ya klabu, wanaume wawili wameinamia ubao. Mmoja ni nahodha wa meli kutoka Kigoma. Wa pili ni Papa Katumba, aliyekuwa akiendesha winchi kubwa ya bandari. Kijitabu kilisema Katumba ndiye mfanyakazi wa kwanza wa bandarini kuujua mchezo huo kwa kanuni zake, kwamba aliwafundisha wenzake, na kwamba siku ile ya picha alimshinda nahodha.

Klabu ya sataranji ilifurahi. Wakatundika picha ile ukutani na kuamua kwamba kombe la mwaka lipewe jina la Katumba. Binti yake, Mama Riziki, anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, soko la ufukweni, alialikwa kulikabidhi.

Mimi nilipata kijitabu kwa njia ya aibu: nakala ya mashine, niliyoazimwa na mtu aliyeazimwa. Nikaiweka chini ya lupe. Nikaona jambo.

Ngoja niwaeleze, maana si lazima mjue mchezo. Ubao wa sataranji una kanuni moja ambayo mtoto hufundishwa kabla ya nyingine zote: kila mchezaji awe na mraba mweupe kwenye kona ya mkono wake wa kuume. Katika picha ile kona ya kuume ilikuwa nyeusi. Tena wafalme wote wawili walikuwa wamekwisha kufichwa pembeni, kitendo tunachokiita roki, lakini walikuwa upande usiokuwa wao, mahali ambapo kanuni haimpeleki mfalme. Nilihesabu miraba yote sitini na minne. Hakuna iliyonipita.

Nikaandika ukurasa mzima. Nitawanakilia mistari miwili, kama adhabu: "Hawa si wachezaji, ni watu waliokalishwa mbele ya kamera wakashikishwa vitu wasivyovijua. Papa Ramazani ama hajui mchezo anaouandikia, ama anajua na anatudanganya." Nyumba ya Papa Ramazani iko dakika kumi kwa pikipiki kutoka kwangu. Sikwenda kumuuliza. Nilidhani kumuuliza kungeniharibia ukurasa, na kweli kungeuharibu.

Gazeti likatoka. Nilipigiwa simu za pongezi. Klabu ikaiteremsha picha na kusema jina la kombe litafikiriwa upya. Papa Ramazani akaacha kwenda klabuni. Na kule sokoni, mambo niliyoyajua baadaye, wanawake wa meza za jirani wakawa wanamuuliza Mama Riziki kama hata ile winchi baba yake alikalishwa tu kwa ajili ya foto.

Mama Riziki alikuja ofisini asubuhi moja baada ya kuuza, kitenge chake kikinukia ndagala. Hakukaa. Aliweka juu ya meza yangu daftari la shule lililochakaa, na juu ya daftari picha yenyewe, ile ya asili, ya karatasi nene.

"Weye ndiye Papa wa kusahihisha watu?"

"Ndiye mimi, Mama. Karibu."

"Mimi sijui eshek. Lakini nauza pale chini kila siku ya Mungu, nalijua ziwa. Hii ni baraza ya klabu, si vile? Kamera imetazama upande wa Uvira. Basi niambie, Papa: siku hiyo ziwa lilihamia upande wa Kabalo?"

Nikatazama. Ninyi mnaijua baraza ile. Ukisimama pale ukitazama Uvira, kaskazini, ziwa liko kuume, na mlima na reli ya kwenda Kabalo viko kushoto. Kwenye picha ziwa lilikuwa kushoto, kubwa, na mashua juu yake. Nilihesabu miraba sitini na minne, na ziwa zima likanipita.

Halafu, kama meno yanayosubiri la kwanza liume, mengine yakafuata. Mfuko wa shati la Papa Katumba ulikuwa kuume. Vifungo vilikuwa upande wa shati la mwanamke. Saa ilikuwa mkono wa kuume.

"Imegeuzwa," nikasema. "Picha imesafishwa kwa upande usio wake. Aliyeisafisha ameilaza filamu upande unaong'aa chini, mtu ovyo kabisa..."

"Aliyeisafisha njo nani?"

Hapo nikakumbuka kanuni yangu mwenyewe. Nikaigeuza picha.

Nyuma palikuwa na samaki. Ana magamba. Ana jicho.

Mama Riziki aliinama akatazama, kisha akanitazama mimi, na nadhani uso wangu ulimjibu kabla yangu.

"Papa," akasema polepole, "weye mwenyewe?"

"Wiki yangu ya kwanza kazini, Mama."

Nilitegemea matusi na ningeyapokea. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akaacha kucheka. "Sasa lakini, baba yangu alijua kucheza ao hakujua? Maana picha kugeuzwa haisemi kama alijua."

Hilo ndilo swali, na ninataka mlione, kwa sababu mimi nilikuwa tayari kupiga mbio kuandika kwamba Katumba ni bingwa. Picha iliyogeuzwa iliondoa sababu yangu ya kumkataa. Haikuleta sababu ya kumkubali. Kosa la mkosoaji likionekana, halimfanyi aliyekosolewa awe sahihi kwa kila jambo. Ni lazima uanze tena, chini kabisa.

Tukafungua daftari. Lilikuwa la mkono wa Papa Katumba: michezo imeandikwa hatua kwa hatua, kwa penseli, na juu ya kila mchezo jina la aliyecheza naye. Mmoja ulikuwa na maneno "Nahodha, barazani, wametupiga foto". Niliazima ubao kwa walinzi wa getini, wanaocheza kuliko wanavyolinda, nikaanza kusogeza vipande kama daftari lilivyoagiza. Mama Riziki alishika ile picha akisubiri. Kwenye hatua ya kumi na tisa nilisimama.

"Tazama sasa."

"Haifanani," akasema.

"Una kioo?"

Alitoa kwenye mkoba kile kioo kidogo cha kujipaka poda, akakisimamisha kando ya picha. Tukainama wote wawili, vichwa vikagusana. Ndani ya kioo kona ya kuume ikawa nyeupe. Wafalme wakarudi kwao. Farasi, minara, askari mmoja mmoja, wote walisimama kama walivyokuwa wamesimama mezani kwangu, hata yule askari mweusi aliyebaki peke yake ukingoni. Na nyuma yao, ndani ya kioo, ziwa likarudi mahali pake.

"Huyu njo baba," akasema Mama Riziki.

Tukamalizia mchezo. Kwenye hatua ya arobaini na moja Papa Katumba alishindwa, tena vizuri, bila kosa la kijinga. Nilimwambia kwa uangalifu, nikitafuta maneno laini.

"Najua," akanikatiza. "Alituambia kila siku kwamba yule wa Kigoma alimupiga. Ni Papa Ramazani amemupa ushindi. Kushindwa si aibu, Papa. Aibu ni kusema alishikishwa vitu asivyovijua. Ulitumia maneno gani yale? 'Kukalishwa.'"

Nilikwenda kwa Papa Ramazani siku hiyo hiyo, na pikipiki iliyonipeleka ilitumia dakika tisa. Alikuwa kwenye kibaraza chake, na mbele yake rundo la vijitabu na kalamu nyekundu. Alinijibu salamu yote, neno kwa neno, kwa sababu adabu yake haitegemei mgeni.

Nikamweleza kila kitu: kioo, daftari, samaki. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo picha uliyoiita ya uongo," akasema, "uliitengeneza weye."

"Mimi, Papa."

"Na kosa la kweli hukuliona."

"Lipi?"

Akanifungulia kijitabu kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Katika kila kimoja, neno "alimshinda" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko wa mwalimu: "alishindwa na". Mama Riziki alimwambia siku kijitabu kilipotoka, na tangu hapo alikuwa akisahihisha kila nakala kwa mkono kabla ya kuitoa nyumbani.

"Ningekuonyesha mwenyewe," akasema. "Ukurasa wenye kosa ningekufungulia. Ungebisha hodi tu. Lakini ulisoma kijitabu changu kwa nani, hata hukuona wekundu?"

Nikamwambia nilisoma nakala ya nakala, na mashine ilikuwa imeula wino mwekundu. Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Nafikiri nilimkumbusha mwanafunzi fulani.

Mimi nilimtia hatiani mwenzangu kwa kosa asilolifanya, lake la kweli sikuliona naye alikuwa amekwisha kulisahihisha, na lililobaki nilikuwa nimelifanya mwenyewe. Kama kuna njia nyingine ya kukosea katika ukosoaji, sijaifahamu, ila nyinyi ni vijana, mtaipata.

Nilipokaa kuandika sahihisho, nilijaribu kwanza mistari mitano chini ya ukurasa wa mwisho, karibu na matangazo ya vifo. Nilijiambia nafasi ni ndogo. Kisha nikamkumbuka Papa Mulongo akiitundika karatasi yangu nyeusi mahali wageni wote wataiona. Nikaomba ukurasa uleule, ukubwa uleule, na kichwa chenye herufi zilezile. Niliandika kwamba picha ni ya kweli na imegeuzwa, na aliyeigeuza ni mimi. Kwamba Papa Katumba alijua mchezo, na ushahidi ni daftari lake. Kwamba alishindwa siku hiyo. Kwamba daftari halituambii kama alikuwa wa kwanza bandarini, kwa hiyo hilo linabaki neno la wazee waliomwambia Papa Ramazani, na tuliandike hivyo. Na kwamba neno "anatudanganya" nililiandika bila kitu chochote mkononi, kwa hiyo nalifuta na kuomba radhi.

Nilimpelekea Papa Ramazani kabla halijachapishwa. Alilirudisha kesho yake na makosa matatu yamezungushiwa wekundu. Nilikuwa nimeandika hatua ya tisa badala ya kumi na tisa, nimeiweka klabu kwenye barabara isiyo yake, na nimemwita nahodha mtu wa Bujumbura. Chini aliandika: "Vizuri. Endelea kujitahidi." Karatasi hiyo ninayo nyumbani, na ni cheti pekee nilichokitundika. Mwamini, hicho si cheo, usikate.

Mwamini huyohuyo alichukua picha, akaiingiza kwenye kompyuta, akaigeuza kwa kubonyeza mara moja. Nilimwomba anionyeshe tena. Akabonyeza tena, ziwa likaenda Kabalo. Akabonyeza, likarudi. Niliona kazi ya wiki yangu ya kwanza ikifanywa na kufutwa mara nne kwa kidole kimoja, nikaenda kunywa chai.

Siku ya kombe la Katumba, Papa Ramazani alikaa mstari wa mbele na kanzu yake. Klabu ilikuwa imeleta nyundo na msumari. Kabla ya kutundika, Mama Riziki aliishika picha mpya, ile iliyotoka kwenye kompyuta, muda mrefu. Alisema huyu wa mfuko wa kushoto hamzoei, na kwamba ile ya zamani itabaki nyumbani, kwa sababu ndivyo alivyomtazama baba maisha yake yote. Halafu akailaza kifudifudi mezani na kunipa penseli.

"Weka samaki wako. Ili siku ya kosa tusitafutane."

Sikumbuki kama ni mimi niliyemwambia maneno hayo. Nikachora, bila magamba safari hii, samaki wa kawaida. Nilijua ziwa kwenye picha sasa liko kuume, kwa hiyo nikamwelekeza kuume, arudi nyumbani. Nilijisikia nimefunga kazi yangu yote kwa utepe wa pamba.

Mama Riziki aliinyanyua picha akaishika mbele ya dirisha, mwanga ukapita kwenye karatasi, tukamwona samaki kutokea mbele.

"Papa Kitenge," akasema. "Anakwenda Kabalo."